Mistari Myekundu Chini ya Majina Yetu

Ijumaa, 14 Mei 1999. Diani.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile ya masika isiyo na haraka, na bustani ya hoteli imejaa maji hadi viti vya wageni vinaonekana kama vimewekwa ziwani. Sasa ni saa kumi na moja kasorobo jioni. Nimeketi mbele ya kompyuta ya ofisi ya mapokezi, kwa ruhusa, tena ruhusa ya mdomo wa mkubwa mwenyewe, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Nitaiweka hapa.

Mwalimu wetu ametuagiza kila mwanafunzi aandike shajara mara moja kwa juma, kwa kompyuta, kisha amtumie, naye anaiweka kwenye ukurasa wa darasa katika intaneti. Anasema hata mtu aliye Uchina aweza kuisoma. Nimemfikiria sana huyo mtu wa Uchina. Hanijui, hamjui mume wangu, wala hawezi kunikuta sokoni Ukunda akaninyooshea kidole. Basi nitasema kweli tupu.

Mimi ni Riziki. Nina miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Msambweni, na kwa miaka kumi na miwili nimefua mashuka ya hoteli hii. Mashuka sina ugomvi nayo. Iliyogomba ni mikono yangu. Tangu mwaka jana ngozi ya vidole inapasuka na kutoa damu kila ninapoigusa dawa ya kung'arisha nguo. Nilivaa glavu, nikapaka mafuta ya nazi, nikasoma na dua, wapi. Mwezi wa pili nikaenda hospitali, daktari akaigeuza mikono yangu mbele na nyuma, akasema bila kuzunguka, "Mama, ama dawa hiyo ama mikono. Chagua moja."

Nikachagua mikono. Lakini kazi nyingine sikuwa nayo, na mume wangu hupata vibarua vya msimu tu, na watoto watatu hawali ushauri wa daktari.

Juma hilo hilo karani wa ofisi ya usafi aliolewa akahamia Malindi. Yeye ndiye aliyekuwa akipanga ratiba ya zamu za wafanyakazi kwa kompyuta: nani yuko chumba gani, nani asubuhi, nani jioni. Bwana Makau, mkubwa wetu wa wafanyakazi, akatuita sote nje ya stoo, akauliza kama kati yetu kuna mtu aliyewahi kusomea kompyuta. Nikauinua mkono huu huu wenye vidonda.

"Wewe Riziki? Umesomea wapi?"

"Bado, bwana. Lakini nitasoma."

Watu walicheka na yeye akacheka. Kisha akanitazama vidole, akaacha kucheka. Akasema atanipa muda hadi katikati ya Mei. Nikiweza kumtolea ratiba safi ya juma zima, kiti ni changu. Nisipoweza, atamleta mtu kutoka Mombasa, na mimi nijijue na mashuka yangu.

Ndivyo nilivyoingia darasani bila kutoka hotelini. Mwende wa mapokezi ndiye aliyelijua darasa hili. Kwao ni mji mdogo wa Mackinnon Road, wafuga mbuzi, na dada huyu hana haya na mashine yoyote. Alinieleza kwamba kuna chuo Mombasa kinachofundisha kwa barua pepe: somo linakuja kwa laini ya simu Jumatatu na Alhamisi, unafanya zoezi, unarudisha kwa laini hiyo hiyo. Kompyuta ya hoteli ningeweza kuitumia saa nane hadi saa tisa mchana, wageni wakiwa wamelala. Na wageni wenyewe msimu huu ni wanane, wanne kati yao wazee wanaolala wakati wowote.

Siku ya kwanza Mwende alipoiunganisha ile laini nilishtuka nikasimama. Sauti gani ile! Kama paka wawili wanagombana ndani ya debe. Nikamwambia izime, umeiharibu. Mwende alicheka hadi akashika meza.

"Aunty, tulia. Hiyo ni kompyuta inasalimia kompyuta ingine. Zikimaliza ku-greet ndio zianze kazi."

Hapo nikaituliza roho. Kama hata zenyewe zinaanza kwa kuamkiana, nikasema, basi nitaelewana nazo.

Nami nikafuata desturi. Kila barua niliyomwandikia mwalimu nilianza na shikamoo. Jina lake kwenye barua lilikuwa Mwalimu S. Omari, basi. Nikamjenga kichwani: mzee wa makamo, kanzu, miwani, ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri, pengine Salim au Suleiman. Alinijibu marahaba kila mara, marahaba Riziki, somo la leo ni hili. Nilikuwa nikiisoma ile marahaba nikiwa nimekaa wima kitini.

Lo, nimejifunza mambo! Kuna siku nilijifunza kukata sentensi juu na kuibandika chini, nikafanya mara ishirini bila sababu, kukata na kubandika, kukata na kubandika, mpaka Mwende akaniuliza kama nashona gauni. Kuna siku nilijifunza kutangua. Ndilo neno alilolitumia mwalimu: ukikosea, bonyeza hapa utangue. Mimi kutangua nakujua kwa udhu na kwa ndoa, nikaogopa kubonyeza. Nilipobonyeza, aya nzima niliyoifuta kwa bahati mbaya ikarudi yote mahali pake. Nilipiga kelele za furaha, mzee mmoja wa Kijerumani akaja kuuliza kama kuna nyoka.

Lakini kuna jambo moja lililonitafuna tangu siku ya kwanza, na sikumwambia mtu.

Mistari myekundu.

Nilikuwa sijamaliza kuandika neno, na tayari chini yake umetambaa mstari mwekundu, wa kujikunjakunja. Nikiandika leo, mstari. Nikiandika mvua, mstari. Nikiandika jina langu, mstari. Ukurasa wangu wote ulikuwa kama umechanjwa.

Nikaamini ni mwalimu. Nacheka sasa, lakini niliamini kabisa. Si darasa la laini ya simu? Nikajua yule mzee mwenye ndevu amekaa Mombasa na kalamu nyekundu, ananitazama ninavyoandika, na kila neno langu analitia kosa papo hapo. Nilisoma hadi darasa la saba tu, na la saba lenyewe nililimaliza kwa daftari jekundu kuliko jeupe, kwa hiyo sikuona ajabu. Nilisema moyoni, Riziki, hujabadilika.

Nikaanza kumtegea. Niligundua kuna maneno hayatii mstari. Neno mama halikutiwa. Neno safari halikutiwa. Basi zoezi moja la mwezi wa nne tulitakiwa kuandika habari za nyumbani, na mimi nikaandika ukurasa ambamo mama yangu anasafiri, anarudi, anasafiri tena, safari na mama, mama na safari. Mama yangu hajavuka kivuko cha Likoni tangu nilipozaliwa. Mwalimu akajibu: Marahaba Riziki, kazi nzuri, mwombee mama afike salama.

Nilikuwa nikiiangalia ile mistari hata baada ya Mwende kuikata laini. Ilibaki pale pale. Mtu mwenye akili angejiuliza mwalimu ananionaje laini ikiwa imekatwa. Mimi nilijiambia ameshaiacha alama yake, ameondoka.

Sasa njoo Jumatatu ya juma hili. Somo lilikuja na kichwa cha maneno: kusahihisha. Mwalimu aliandika hivi, nimelikata na kulibandika: "Mistari myekundu ni makosa. Ukiiona, bonyeza kitufe cha F7 upewe neno sahihi."

Upewe. Na nani? Hakusema. Mimi nikaelewa upewe na mwalimu. Nikafurahi kupita kiasi, kumbe mzee huyu si wa kutia alama tu, majibu pia anatoa!

Na jana, Alhamisi, ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Bwana Makau alinipa karatasi ya mkono yenye majina ya wafanyakazi thelathini na mmoja, zamu zao za juma lijalo, na mahali kila mmoja anaposhushwa na gari la hoteli jioni. Akasema, "Nitoe hii kwa kompyuta. Kesho asubuhi naitaka ukutani."

Niliichapa kwa saa nzima. Nilitia majedwali, nikapanga mistari, nikakoza vichwa. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimefungwa plasta kwa hiyo niliandika kwa vinane, na sikukosa herufi. Nilikagua jina kwa jina na ile karatasi ya mkono. Kisha nikajisogeza nyuma nikaitazama kazi yangu. Majina yote yalikuwa na mistari myekundu chini yake, juu mpaka chini.

Nikabonyeza F7.

Kikatokea kisanduku chenye neno langu upande mmoja, na upande mwingine neno nililopewa. Penye Salimu nikapewa Salami. Penye Makau, Macau. Penye Hamisi, Hamish. Chini yake kitufe cha kubadilisha, na kingine cha kubadilisha yote kwa mkupuo. Mwanakombo halikuguswa, mwalimu alikosa cha kusema, nikabonyeza kuliruka na mstari ukaondoka, nikamwona Mwanakombo ana bahati.

Utaniuliza, ewe mtu wa Uchina, kwani Riziki hukujua jina la Mzee Salimu linaandikwaje? Nilijua. Ila nitakueleza jambo la huku kwetu. Kitambulisho changu cha taifa kimeandikwa Resiki. Nilikwenda kuandikishwa nikiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, karani aliyetumwa kutoka bara akaniuliza jina, nikamwambia, akaandika alichosikia. Nilipomwonyesha kosa akasema hilo ndilo jina lako sasa. Mama yangu ana herufi mbili zilizozidi, na marehemu baba alikufa akiwa na jina la mtu mwingine kabisa. Tulizoea kwamba jina la nyumbani ni moja na jina la ofisini ni jingine, na mwenye ofisi ndiye anayejua. Basi na kompyuta nikaiona ni ofisi tu. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza. Jina langu likageuka Risky, nikabonyeza.

Mistari ikaisha. Ukurasa ulikuwa mweupe kama shuka la kwanza la asubuhi. Nikautoa kwa printa, nikaupeleka kwa Bwana Makau, akiwa kwenye simu akaupokea bila kuusoma, akatia sahihi. Nilikwenda nyumbani naimba.

Leo asubuhi nilikisikia kicheko kabla sijaingia mlango wa nyuma. Ratiba inabandikwa ukutani karibu na jiko, na mbele yake walikuwa wamesimama kama watu kumi, wapishi na wahudumu na wafagizi, wanashikana mabega. Nikadhani wanafurahia majedwali.

Mwende ndiye aliyeniona kwanza. "Aunty Riziki, umenimaliza! Ati mimi ni Mend? Kwani niko na ufa? Na ona hapa, sisi wote wa Ukunda jioni tunapelekwa Uganda! Sasa passport tunatoa wapi?"

Kicheko kikalipuka upya. Mimi nikasoma. Nikasoma tena.

Na hapo katikati ya kicheko alisimama Mzee Salimu wa bustani, peke yake hacheki. Mzee huyu ndiye anayetuswalisha adhuhuri kwenye kile chumba nyuma ya dobi, mtu wa haya na taratibu zake. Alikuwa ameivua miwani, ameifuta, ameivaa tena, na kidole chake kiko kwenye jina lake. Ujue kwamba sote tunaofanya kazi hapa tunaijua salami. Ni ile nyama inayokatwa vipande vyembamba ikapangwa kwenye sahani ya kiamshakinywa cha wageni. Ya nguruwe. Wapishi wetu Waislamu huibeba kwa koleo ndefu.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Riziki, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, mzee wangu. Wallahi si mimi. Ni mashine."

"Mashine ina mikono gani?"

Nikaificha mikono yangu yenye plasta ndani ya leso.

"Miaka kumi na saba nimewapandia watu maua hapa," akasema pole pole. "Leo nimeandikwa nguruwe ukutani. Na siku ya Ijumaa."

Watu waliacha kucheka. Heri wangeendelea. Nilitamani kuwe na mahali pa kubonyeza ili nitangue, lakini karatasi iliyo ukutani haitanguki.

Bwana Makau akaja, akaitazama karatasi muda mrefu, akaibandua. Hakunifokea. Angenifokea ningefarijika.

"Mimi sahihi yangu iko hapa chini," akasema. "Juu yake imeandikwa Macau. Riziki, ratiba ni kitu cha watu kuamini. Nitaitaka nyingine saa tisa. Ikiwa hivi, Jumatatu napiga simu Mombasa."

Nilikwenda kule dobi nikajifungia. Nililia, ndiyo. Nililia kidogo kisha nikakasirika, na hasira ikanisaidia zaidi ya machozi. Nikasema haiwezekani mzee mzima mwenye ndevu anifundishe hivi. Nikaenda kwa Mwende kabla ya saa yangu, nikamwomba laini. Nikaandika, na safari hii ile shikamoo niliiandika kwa kugonga: "Shikamoo mwalimu. Majina yetu umeyasahihisha yakawa ya Kizungu, na mzee wa watu umemfanya nguruwe. Nakuomba unieleze nimekukosea wapi." Nikaeleza na habari yote ya saa tisa. Nikatuma.

Kisha nikakaa. Saa sita. Saa saba kasoro. Wanaume wakaenda msikitini kwenye mvua, Mzee Salimu mbele, mwavuli wa hoteli mkononi, hakunitazama.

Saa saba na nusu simu ya mapokezi ikalia. Mwende akapokea, akanitolea macho, akaninyooshea mkono wa simu. "Ni yako. Ni teacher wako."

Nikajifunga leso vizuri kiunoni ndipo nikaishika.

"Shikamoo mwalimu."

Upande wa pili ikaja sauti ya msichana, nyembamba, ya kuomba radhi: "Wewe... wewe ndiye Riziki? Mwanafunzi wangu?"

"Ndiye mimi. Namtaka Mwalimu Omari."

"Ndiye mimi, mama. Saumu. Saumu Omari." Nikamsikia anavuta pumzi. "Mama, una miaka mingapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Ya Rabi! Mimi ishirini na tatu. Nilidhani wewe ni mmoja wa wasichana waliotoka shule juzi, wote darasani ni hao. Miezi miwili nakuitikia marahaba! Shikamoo mama. Na zile zote nilizozipokea nakurudishia, moja moja."

Nilitaka niendelee kukasirika. Sikuweza. Ndevu zote nyeupe zilipukutika pale pale, nikaangua kicheko hadi Mwende akadhani nimepatwa na kitu. "Marahaba," nikamwambia. "Marahaba mwanangu, na zilizosalia nazo marahaba."

Kisha akanieleza. Yeye haoni chochote ninachoandika mpaka nimtumie. Hajawahi kunitia mstari hata mmoja. Mistari ile inatoka ndani ya kompyuta yenyewe. Imefundishwa Kiingereza tu, ikiliona neno isilolijua inalipiga mstari, na ukiiuliza inakupa neno la Kiingereza linalofanana. Mama na safari haikuyapiga kwa sababu Wazungu nao wanayo. Akasema kosa ni lake, somo lile la Jumatatu alilitunga akifikiria barua za Kiingereza, hakufikiria kabisa kwamba kuna mtu atakayeandika majina ya watu wake.

"Kwa hiyo maneno yangu hayakuwa na makosa?"

"Hayajawahi kuwa na makosa, mama. Yalikuwa mageni kwake tu."

Miezi miwili! Miezi miwili nimejiona mjinga mbele ya mashine isiyojua neno mvua.

"Sasa sikiliza," Mwalimu Saumu akasema. "Kwenye kile kisanduku kuna kitufe kingine, kimeandikwa Add. Maana yake ongeza. Usikubali neno lake. Liache lako, bonyeza hicho. Italishika, na haitalipiga mstari tena."

"Yaani niifundishe?"

"Uifundishe."

Nilikaa kwenye kiti saa nane kamili. Niliyaandika majina upya, thelathini na moja, mistari ikatambaa chini yake kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza sikuiogopa. Nikabonyeza F7. Ikaniletea Salimu, ikanipendekezea tena nyama yake. Nikaiambia kwa sauti, "Hapana. Huyu ni Salimu." Nikabonyeza Add.

Mstari ukafutika.

Sijui nielezeje. Kitu kidogo vile. Lakini nilijihisi kama nimekirudia kile chumba cha vitambulisho, nikamshika yule karani mkono, na safari hii kalamu nimeishika mimi. Hamisi. Ongeza. Mwanakombo. Ongeza. Mwende alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu, akaona jina lake linatoka kwenye wekundu, akapiga makofi akatoka mbio kuita watu. Nilipofika Makau nilikuwa na wapishi wawili, mfagizi na mlinzi wa lango mabegani mwangu, kila mmoja anataka kuona lake. Ukunda nikaiongeza, gari lisije likatuvusha mpaka.

Wanaume walikuwa wamerudi msikitini. Mzee Salimu akasimama mlangoni, kanzu imelowa pindo, haingii.

"Karibu mzee," nikasema. "Njoo ulione."

Akaja, akaivaa miwani, akainama hadi pua karibu iguse kioo. Akalisoma jina lake herufi kwa herufi kwa midomo.

"Sasa inalijua?"

"Inalijua."

"Hata kesho?"

"Hata kesho, inshallah."

Akanyooka. Nilidhani ataondoka, lakini alibaki pale anapapasa ncha ya mwavuli. Kisha akasema, kwa aibu kama anaomba maji nyumba ya watu, "Na la baba yangu laweza kuingia? Aliitwa Mwinyikai. Sipendi aachwe nje."

Baba yake hana zamu kwenye ratiba, alikufa zamani. Nililiandika pembeni kwa ajili yake, likapigwa mstari, nikabonyeza Add, mstari ukaondoka, nikalifuta karatasini. Nikamweleza kwamba halionekani lakini limo ndani. Mzee akaniwekea mkono kichwani, akanisomea dua fupi, akasema, "Nimekusamehe yote, mwanangu," akarudi kwenye maua yake na mvua yake.

Langu nililiacha la mwisho. Riziki, si Resiki wala Risky. Nilikitazama kile kitufe kwa muda kabla ya kubonyeza, maana nilitaka kulifaidi jambo hili pole pole.

Saa tisa kasoro dakika nane nikaipeleka ratiba kwa Bwana Makau. Safari hii aliisoma yote mbele yangu, kidole kinashuka mstari kwa mstari. Kikasimama kwenye jina lake. Kikaendelea. Akaitia sahihi, akaniuliza mikono inaendeleaje. Nikamwonyesha. Akasema, "Jumatatu usiende dobi. Keti ofisini. Ratiba ya juma linalofuata nitaitaka Jumatano." Akaushika mlango, akageuka. "Na leo jioni unaweza kumaliza kazi zako za darasa hapo mapokezi, Mwende nimeshamwambia."

Nilisema ahsante bwana. Nilitembea kwa adabu mpaka kwenye kona ya stoo. Baada ya kona nilipiga kigelegele ambacho naamini kimesikika Msambweni.

Alhamdulillahi. Mikono yangu itapona. Naiangalia sasa juu ya vibonye hivi, vinane vinafanya kazi na viwili vinapumzika, nami naona ni mikono mizuri.

Mvua imepungua. Gari la Ukunda litaondoka saa kumi na mbili, na niko tayari kwenda. Nimeusoma ukurasa huu tangu juu. Ukiacha majina yetu, karibu kila neno lina mstari mwekundu chini yake, na sijaona haya hata kidogo. Nimeuacha hivyo hivyo makusudi, Mwalimu Saumu auone.

Nimeamua, kuanzia kesho, kila siku kabla ya kuanza kazi nitaifundisha mashine hii maneno machache ya kwetu. Mvua itakuja, na leo, na mikono. Lakini la kwanza kabisa nitakaloliongeza kesho asubuhi ni shikamoo. Huwezi kumwingiza mtu nyumbani kwenu hajui kuamkia.